Macho Chini, Kidole Juu: Safari Yangu ya Kwanza Johannesburg

Teksi za Johannesburg hazina konda. Nasema teksi kwa maana yao wenyewe: basi dogo la Toyota la abiria 15 au 16, ambalo Dar es Salaam tungeliita daladala na Nairobi matatu. Hakuna kijana anayening'inia mlangoni akiita njia, hakuna anayegonga bodi kumruhusu dereva aondoke. Abiria anasimama kando ya barabara, ananyoosha mkono, na vidole vinasema anakokwenda. Dereva mwenye njia hiyo na nafasi anasimama. Asiye nayo anapita, na hakuna anayemkasirikia mwenzake.

Nilikwenda huko Julai kumpelekea mzigo mama mmoja wa Soweto. Mama yangu alipika miaka mingi Mazimbu, Morogoro, wakati chama cha ANC kilipokuwa na shule yake pale, Solomon Mahlangu Freedom College, iliyoanzishwa 1978 na kukabidhiwa kwa serikali ya Tanzania 1992. Rafiki yake mkubwa alikuwa huyo mama wa Soweto, mkimbizi kutoka Orlando West, mwalimu wa watoto wadogo. Mwalimu huyo alirudi kwao na Kiswahili cha Morogoro kichwani, na wawili hao wamekuwa wakipigiana simu hadi leo. Mzigo wenyewe ulikuwa doti tatu za kanga na bahasha ya picha za zamani. Agizo ndilo lililokuwa zito zaidi. "Kwenye simu kila siku ananiambia hajambo," mama aliniambia. "Wewe mtazame anavyokaa na anavyoinuka, kisha uniambie."

Basi niliingia Bondeni, kama tunavyoiita Afrika Kusini, nikiwa nimetumwa kutazama, na mtu aliyetumwa kutazama huona mengi ambayo hakutumwa.

La kwanza lilikuwa mkono wa binamu yangu. Ana saluni ya kunyoa Yeoville, na alinifuata uwanja wa ndege wa OR Tambo. Tulisalimiana kwa namna ya nyumbani: ukishashika mkono huuachii, mazungumzo yanaendelea na mikono imeshikana, habari za mjomba, za msiba wa juzi, za mvua. Tukapanda treni ya Gautrain, ambamo hata bazoka huruhusiwi kutafuna na kila abiria ameinamia simu yake. Bado kila aliponikumbuka alinigusa bega au goti. Tukabadili treni Sandton, tukashuka Park Station, tukapanda ngazi kutoka nje, na hapo mlangoni akaniachia. Sura yake ilibadilika, mabega yakapanda, hatua zikawa ndefu. "Huku mikono yote miwili iwe huru," alisema bila kunitazama, akanizungushia begi likakaa kifuani.

Njia nzima alinipa masomo ya kutembea. Usiangalie juu. Mgeni anajulikana kwa shingo, kwa sababu pale kuna Ponte, lile jengo la mviringo la ghorofa 54 lililokamilika 1975, na kila anayefika mara ya kwanza huinua uso kulitazama. Usisimame kona kujiuliza njia. Kama umepotea, ingia dukani ukaulizie humo. Tembea kama uliyechelewa kazini. Nilidhani anatia chumvi mpaka jioni, aliponikumbusha Mei 2008. Mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, kaskazini mwa jiji, yakasambaa, na watu zaidi ya 60 wakauawa, baadhi yao Waafrika Kusini waliodhaniwa kuwa wageni. Waliosimamishwa njiani waliulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Tangu nilipoyasikia hayo sikuuona tena ule mwendo wa binamu kuwa maringo ya mjini.

Kuhusu teksi, binamu alinifundisha asubuhi ya pili, tukiwa tumesimama kwenye baridi ya Mtaa wa Raleigh. Kidole cha shahada kikielekea juu ni mjini, katikati ya Johannesburg. Kikielekea chini ni safari fupi ya hapahapa. Anayekwenda Orange Farm, kusini mwa jiji, anakunja kiganja kama ameshika chungwa, na wa Fourways ananyoosha vidole vinne. Alama hizi hazikutungwa na wizara yoyote. Zilizaliwa barabarani, kati ya dereva anayekimbiza muda na abiria anayekimbilia kazi, katika jiji ambalo watu wake wanazungumza Kizulu, Kisotho, Kixhosa, Kitswana, Kivenda, Kitsonga na lugha nyingine kadhaa, na mkono ulionyooshwa hauhitaji mkalimani. Msanii Susan Woolf alitumia miaka akizikusanya kwa kuwauliza madereva na abiria, akazichora, akazifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na akabuni maumbo ya kupapasa kwa vidole ili wasioona nao wazijue. Mwaka 2010 Posta ya Afrika Kusini ilizitoa kwenye stempu.

Vitabu na stempu havitakuambia yanayotokea ukishaingia ndani, na kwangu hayo ndiyo matamu zaidi. Nauli inasafiri kutoka siti ya nyuma kwenda mbele. Unamgusa bega aliye mbele yako, hageuki, anafungua kiganja juu ya bega lake, unaweka pesa na kutaja idadi ya watu unaowalipia. Naye anagusa bega lililo mbele yake. Pesa zinajikusanya safu kwa safu hadi kwa abiria aliyekaa karibu na dereva, na huyo, bila kuajiriwa na mtu, ndiye mhasibu wa safari. Anahesabu, anatenganisha chenji, anairudisha nyuma kwa njia ileile. Aliye kando ya mlango ndiye wa kuufungua na kuufunga kila anaposhuka mtu. Wenyeji wanaikwepa siti ya mbele kwa ufundi mkubwa: wanajifanya wanafunga kamba za viatu, wanampisha mzee kwa adabu isiyo ya kawaida, alimradi hesabu imwangukie mwingine. Siku hiyo ilimwangukia msichana wa shule ya sekondari, na alihesabu bila kutikisika.

Nilikaa nyuma nikitazama mabega. Vijana wawili wa rika moja waligusana bila hadhari. Pesa zilipomfikia kijana ambaye mbele yake alikaa bibi mwenye kilemba, mambo yalibadilika. Hakumgusa. Aliinamia mbele mpaka mkono wake ukaonekana pembeni ya uso wa bibi, kiganja cha kushoto kikiwa kimeshika kiwiko cha kulia, akasubiri. Bibi alipogeuka kidogo kupokea, kijana alishusha macho. Hapakusemwa neno. Mbele ya watu wasiomjua, na bila kutarajia shukrani, kijana yule alikuwa amemwamkia mzee.

Sisi nasi tunazo ishara zetu, ila hatujazoea kuzitazama. Konda wa Dar anapochezesha sarafu mkononi anakudai nauli bila kukutaja jina. Madereva wa mabasi ya mikoani wanaambiana kwa taa na vidole kwamba trafiki yuko mbele, na Mswahili wa pwani akitaka kukuonyesha mtu bila kumwonyesha, midomo yake inafanya kazi ya kidole. Nilivua macho yangu ya nyumbani kule Raleigh, na nikaanza kuyaona ya nyumbani.

Aliyenifungua zaidi macho alikuwa mlinzi wa magari. Jijini humo, mbele ya migahawa na maduka, husimama watu waliovaa vizibao vya kung'aa, wanaokuelekeza kuegesha na kulitazama gari lako hadi utoke, kwa malipo ya hiari yako. Wengi wao ni Wakongo, na baadhi ni watu waliosoma. Huyu wa Norwood, rafiki wa binamu, alikuwa mwalimu Bukavu. Tulikaa naye ukingoni mwa barabara, akawa anatubashiria nani atalipa.

"Ule mwenye anatoka na simu ku sikio, hatatoa kitu," alisema. Kweli, yule bwana alipita akizungumza na simu ambayo, kwa maneno ya rafiki yetu, haikuwa na mtu upande wa pili. Mwingine alitoka akijipapasa mifuko tangu mlangoni. Huyo atalipa, tuliambiwa, na atalipa vizuri, maana mkono umeanza kutafuta kabla macho hayajatuona. Akalipa.

Nilimuuliza kama amejifunzia kitabuni. Alicheka. Kisha akanieleza upande ambao sikuufikiria, upande wa mwili wake mwenyewe. Johannesburg ni jiji ambalo watu wamenyang'anywa magari kwa bastola kwenye taa za barabarani. Mwanamume mweusi, mgeni, anayeusogelea mlango wa gari usiku, lazima mikono yake ifike kabla yake. Kwa hiyo anaikunjua viganja vikiwa wazi usawa wa kifua, anapita mbele ya taa za gari ili aonekane mzima, hatokei nyuma, hakaribii kioo zaidi ya hatua mbili, na tabasamu analiweka baada ya dereva kumwona, si kabla. Darasani Bukavu, alisema, alikuwa akitembea nyuma ya wanafunzi mikono iko mgongoni. Hapa hakuna siku anayoweka mikono mgongoni.

Ijumaa tulishuka kituo kikubwa cha Bree, nikapanda teksi ya Soweto.

Nyumba iko Orlando West, si mbali na Mtaa wa Vilakazi, ambako Mandela na Tutu waliwahi kuwa na nyumba zao. Rafiki wa mama alinisubiri sebuleni. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyeitafuta nafasi ya kulisema neno hilo kwa muda mrefu. Kanga alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka mapajani, akazisoma maandishi moja moja, akacheka peke yake. Kisha mkono. Kule mnashikana viganja, mnapanda kwenye dole gumba, mnarudi kwenye viganja, na mtu wa heshima anausindikiza mkono wa kulia kwa wa kushoto. Wake ulikuwa laini, haubani. Waliofundishwa kwamba mkono usiobana ni wa mtu dhaifu wangemdharau bure.

Mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, alirudi kutoka kazini Sandton. Alipofika mlangoni nilitarajia asimame, asubiri kukaribishwa, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri Morogoro anavyongoja kuambiwa "kaa." Yeye aliingia akiwa ameinama, akaketi mara moja kwenye kigoda, na hapo ndipo akasalimia. Mama mkubwa aliona nilivyomtazama. Kwa Wazulu wa malezi ya kizamani, alinieleza, kijana hasimami juu ya kichwa cha mzee. Anayeketi upesi ndiye mwenye adabu, kwa kuwa amejishusha. Baadaye, tulipotoka sote watatu kwenda kwa jirani, kijana alitangulia kupita getini badala ya kumpisha bibi yake. Hilo nalo lina maana yake: mwanamume anatangulia ili kama kuna hatari imkute yeye. Mzungu aliyefundishwa kumpisha mwanamke mlangoni angemwona mshenzi.

Nilimuuliza kijana kama Sandton nako anaketi hivyo. "Malume," alisema, yaani mjomba, "nilinyimwa kazi kwa macho haya." Aliomba kazi katika kampuni moja, vyeti vikamridhisha kila mtu, na mmoja wa waliomhoji akamwambia baadaye, kwa nia njema kabisa, kwamba hakuwatazama usoni na wakahisi ana jambo analoficha. Waliomhoji walikuwa wakubwa wake kwa umri. Alikuwa amewapa heshima yote aliyokuwa nayo.

Sasa ana mwili wa aina mbili. Kwenye treni ya asubuhi, alisema, anaanza kuinua uso. Akifika ofisini anabana mikono ya watu na kuwatazama hadi wao wakwepe. Jioni anaurudisha chini kabla ya kona ya nyumbani. Niliuliza kama kunamchosha. Alimtazama bibi yake kwa pembe ya jicho, akaona si mahali pa kujibu.

Bibi akajibu yeye, na maneno yake ndiyo yamekaa nami. Alikua wakati wa ubaguzi. Mwafrika aliyemtazama Mzungu usoni alihesabiwa mjeuri, na ujeuri ulikuwa na gharama, kazini na polisi. Baba yake alivua kofia na kutazama viatu vya watu nusu ya maisha yake. "Nje huwezi kutofautisha," alisema. "Macho ya baba yangu mbele ya baasi wake Mzungu na macho ya huyu mbele yangu yanaangalia sakafu ileile. Ya baba yalikuwa woga. Ya huyu ni mapenzi." Watoto waliozaliwa uhamishoni Mazimbu waliporudi baada ya 1990 waliwatazama babu na bibi zao moja kwa moja usoni, kama walivyozoea, na wazee walioishi wakiwaombea warudi walidhani wameletewa watoto wenye kiburi. Zilivunjika nyumba, alisema, kwa sababu ya kope.

Hapo nina neno na wauzaji wa vitabu vya lugha ya mwili, vile vinavyopangwa kando ya barabara mjini kwetu karibu na vitabu vya kutajirika haraka. Vinadai asiyekutazama anadanganya, aliyekunja mikono amekukataa, na kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Hiyo asilimia inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu neno mojamoja, sauti na picha za uso, pale hisia za msemaji zinapopingana na neno lenyewe. Mehrabian mwenyewe amekanusha kwamba hesabu yake inafaa kwa mazungumzo yote. Na hiyo ya mikono iliyokunjwa, wangekwenda Johannesburg mwezi wa Julai. Jiji liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna barafu kwenye nyasi, nyumba nyingi hazina joto. Kila mtu amekunja mikono. Kwa kanuni ya vitabu hivyo, jiji zima linachukiana kuanzia Juni hadi Agosti.

Ila nilikuwa na agizo la mama. Nilikaa kwa rafiki yake tangu mchana hadi giza likaingia, na sikumwona akiinuka peke yake hata mara moja. Kila kitu kilikuwa mahali mkono wake unapofika: birika, simu, dawa, rimoti, shali. Kengele ya geti ikilia anaita jina la mjukuu kwa namna ya mzaha, kana kwamba ni uvivu. Tukienda kwa jirani, anamshika mjukuu mkono kama anayemtania kwamba ni mchumba wake. Ilikuwa imepangwa vizuri sana. Nilikuwa natazama miguu ya kiti chake aliponishtua.

"Mama yako amekutuma unitazame, sivyo?"

Nilikiri.

"Mwambie ni magoti. Usimwambie sijambo, hataamini."

Usiku nilipiga simu Morogoro. Mama hakuuliza kama rafiki yake anaumwa. Aliuliza, "Chai alimimina nani?" Nikasema mjukuu. "Basi nimeelewa," akasema, akahamia habari nyingine. Walipika pamoja sherehe za Mazimbu miaka mingi. Mama anajua kwamba yule mwanamke hajawahi kumwachia mtu mwingine amimine chai mbele ya mgeni wake. Hakuna kitabu cha kando ya barabara chenye sura ya namna hiyo.

Mama mkubwa ndiye aliyesisitiza niende Constitution Hill kabla sijaondoka. Ni kilima kilichokuwa na gereza la Old Fort na lile la wafungwa weusi lililoitwa Number Four. Gandhi alifungwa huko, na Mandela pia. Nilidhani ananituma kuona vyumba vya watu mashuhuri. Kumbe alitaka nijue habari ya tausa. Wafungwa weusi waliporudi gerezani walivuliwa nguo zote na kulazimishwa kucheza mbele ya askari: kuruka, kujigeuza, kupiga makofi, kufungua kinywa na kutanua miguu, ili ionekane hakuna walichoficha popote mwilini. Wazee walicheza hivyo mbele ya vijana wenye umri wa watoto wao. Mwaka 1954 mwandishi Henry Nxumalo wa jarida la Drum alijikamatisha makusudi kwa kosa la kutembea usiku bila pasi, akafungwa siku tano, akaandika aliyoyaona. Na Bob Gosani akaipiga picha tausa kutoka juu ya paa la jengo la jirani. Nilisimama muda mrefu katika ua ule. Baadhi ya wanaume waliochezeshwa pale walirudi nyumbani kwao, wakawa waume na baba, na wake zao wakashangaa kwa nini mtu huyu hapendi kuguswa.

Mahakama ya Katiba imejengwa palepale na kufunguliwa 21 Machi 2004, baadhi ya kuta zake zikiwa za matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa. Ndani ya ukumbi kuna dirisha refu jembamba lililo sawa na ardhi ya nje, kwa hiyo majaji na mawakili wanaona miguu ya watu wanaopita mtaani. Nyuso haziwafikii. Wanaona raba, viatu vya kazi, ndala, na mwendo wa kila mmoja.

Binamu alinifuata mlangoni, na njiani tukaongelea babu yake mzaa mama, Mnyakyusa wa Rungwe, aliyekwenda migodi ya dhahabu ya Rand kwa kupitia Wenela, wakala wa kuajiri wachimbaji, miaka ya 1950, kabla serikali ya uhuru haijalifunga soko hilo la watu. Alirudi Tukuyu na blanketi, baiskeli, na mchezo wa kupiga mabuti kwa viganja ambao wachimbaji walikuwa nao. Watoto walimcheka. Leo watalii wanalipa kutazama ngoma hiyohiyo Gold Reef City, juu ya shimo la mgodi wa zamani.

Na kuna lugha ya mikono isiyo ya kubahatisha kabisa, ile ya viziwi. Tarehe 10 Desemba 2013, katika ibada ya kumkumbuka Mandela iliyofanyika uwanja wa FNB ukingoni mwa Soweto, mkalimani wa lugha ya alama alisimama hatua chache kutoka kwa marais, mvua ikinyesha, akachezesha mikono kwa saa kadhaa. Mama mkubwa alikuwa uwanjani. Nyumbani alimwacha mjukuu wake mwingine, kiziwi, mbele ya televisheni, na aliporudi alimkuta analia kwa hasira. Mikono ile haikuwa ikisema kitu. Viziwi wa nchi nzima walijua dakika ile ile. Dunia ya wenye kusikia ilijua kesho yake, kwa sababu kwetu sisi mikono inayochezeshwa kwa uhakika inatosha kuonekana kama lugha. Tarehe 19 Julai 2023 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria iliyoifanya Lugha ya Alama ya Afrika Kusini kuwa lugha rasmi ya 12 ya nchi. Binti yule sasa anafundisha, na kwa kuwa nilimkuta kazini sikupata naye zaidi ya salamu, ambayo alinirudisha niianze upya mara mbili mpaka dole gumba langu likakaa sawa.

Kwa anayekwenda Johannesburg mara ya kwanza: vunja randi zako ziwe noti ndogo kabla ya kupanda teksi, na kaa siti za nyuma kama hesabu si rafiki yako. Kidole juu kwa mjini, chini kwa karibu. Gari likisimama usiku na mtu wa kizibao cha kung'aa akakuonyesha viganja, mrudishie viganja, na umlipe. Huenda akakushukuru kwa Kiswahili. Ukiingia nyumba ya mzee Soweto, usisimame mlangoni ukingoje kukaribishwa. Keti kwanza, halafu salimia.